Tawi gumu si mnanaa: kuotesha rozimari, thaimu na wenzao nyumbani

Habari zenu jamani. Wale mliokaa nyuma sogeeni kidogo, maana leo nina vitawi mkononi na ni vidogo, ukikaa mbali utaona mtu mzima anapunga kijiti hewani na hutaelewa chochote.

Nimeombwa niongelee kuotesha viungo vya jikoni vyenye shina la mti. Yaani rozimari, thaimu, seji, oregano, lavenda kwa wale wanaoipikia, vabena ya limau, na yule mzee wa polepole laureli, ule mti wa majani magumu ambayo tunayatumbukiza kwenye sufuria kisha tunayatoa kabla ya kula. Vyote hivi vikiwa vichanga vinaonekana kama majani tu, ila ukivipa muda shina linageuka mti kabisa, gome la kahawia na kila kitu, na hapo ndo tabu inapoanzia. Kwa sababu wengi wetu kuotesha tumejifunzia kwenye mnanaa na rehani. Mnanaa unakata tawi, unatia kwenye glasi ya maji, baada ya siku chache mizizi hiyo. Basi mtu anachukua ujuzi ule ule anaupeleka kwa rozimari, wiki mbili inaonekana nzima, wiki ya tatu chini nyeusi, wiki ya nne inatupwa, halafu anakwambia mimi sina mkono wa kupanda. Mkono hauhusiki hapa jamani.

Ngoja niwaeleze kinachotokea. Tawi ukishalikata umelikatia maji, basi. Juu majani bado yanapumua, bado yanatoa mvuke, chini hakuna mzizi wa kurudisha yale maji yanayopotea. Na wakati huo huo ile sehemu uliyokata ni kidonda kibichi, na wewe kidonda hicho umekizika kwenye udongo wenye unyevu ambako fangasi na bakteria ndo wanaishi. Kwa hiyo tawi lina njia mbili za kufa, kiu inayotoka juu na uozo unaotoka chini, na ubaya ni kwamba dawa ya hii ni sumu ya ile: ukimwaga maji mengi kuzuia kiu umekaribisha uozo, ukibana maji kuzuia uozo umekaribisha kiu. Mnanaa unaponea kwa sababu unawahi, mizizi inatoka kabla maadui hawajafika. Thaimu inataka wiki 2 hadi 4, seji wiki 3 au 4 hivi, rozimari na lavenda wiki 4 hadi 8, laureli miezi, na miezi kweli kweli. Kila nitakachosema kuanzia hapa, udongo, mfuko, dawa ya mizizi, vyote vinafanya kazi moja tu, kulilinda tawi lisikauke na lisioze mpaka mizizi ifike.

Mtu atasema kwa nini tusipande mbegu tukapumzika. Thaimu ya kawaida na seji sawa, mbegu zake zinaota. Rozimari mbegu zake ni chache zinazoota, na zinazoota zinachelewa. Lakini hata zingeota zote, mbegu haikupi mmea ule ule. Thaimu ya limau kwa mfano, ile yenye harufu ya limau, ukipanda mbegu yake hujui utapata nini. Ila tawi ni mmea wenyewe, harufu ile ile, umbo lile lile. Kuna rozimari inaitwa Arp, inasifika kwa kuvumilia baridi kali kuliko nyingi. Mama mmoja mtaalamu wa viungo, Madalene Hill, aliikuta kwenye mji mdogo wa Arp kule Texas, Marekani, mwaka 1972. Arp zote zinazouzwa leo duniani, kila moja, ni tawi la tawi la tawi la kile kichaka. Hakuna mbegu iliyohusika hapo katikati.

Na hiyo ina upande wake mbaya pia, kwamba ukichukua tawi umechukua na magonjwa yake. Mmea mama ukiwa na utitiri au vidung'ata umewabeba na umewapeleka kwako kwenye mfuko wenye joto na unyevu, yaani umewapa harusi. Geuza jani, angalia chini yake kabla hujakata.

Sasa tuje kwenye tawi, na hapa nitakaa sana, maana kwa maoni yangu zaidi ya nusu ya matokeo yanaamuliwa kabla mkasi haujafunga. Watu wananunua dawa ya mizizi ya bei kubwa halafu wanaipaka kwenye tawi ambalo lilishakataa siku nyingi.

Hili hapa ni tawi la rozimari. Liangalieni kutoka juu kushuka chini. Huku kwenye ncha ni kijani kibichi, laini, nikilikunja linainama kama uzi halirudi. Nikishuka kidogo, hapa, bado kijani lakini nikikunja linarudi lenyewe, na ukilikunja zaidi linavunjika kwa mlio. Nikishuka tena gome limeanza kahawia, na huku chini kabisa ni kuni, halina hata jani. Ncha peke yake ina nguvu ya kutoa mizizi haraka ila inanyauka kabla hujafika mezani. Kuni ya chini haina haraka ya kunyauka lakini kutoa mizizi ni kama haijasikia, inaweza ikakaa tu. Tunachotaka ni pale katikati, kipande ambacho juu bado laini na chini kimeanza kukaza, wakulima wanakiita nusu komaa. Urefu sentimita 8 mpaka 12 inatosha, thaimu hata 6 au 7. Usiwe na tamaa ya tawi refu ukidhani utapata mmea mkubwa mapema, tawi refu ni majani mengi, na majani mengi ni kiu nyingi.

Jambo la pili, tawi lisiwe na maua wala vitumba vya maua. Ua linakula chakula kile kile ambacho mizizi ingekitumia, na tawi lililoamua kuchanua halina habari na mizizi. Kama mmea wote umechanua na huna pengine, basi kata maua yote, lakini ukweli ni afadhali usubiri lipite.

La tatu wengi hawaliambiwi, umri wa mmea mama. Kichaka kizee ambacho hakijawahi kupogolewa kinatoa matawi yenye uvivu wa mizizi. Ukitaka vipandikizi vizuri baadaye, leo pogoa, ila pogoa palipo na majani, msikate rozimari wala lavenda mpaka kwenye kuni tupu isiyo na jani hata moja maana hapo mara nyingi hairudi. Yale machipukizi mapya yatakayotoka, yakishaanza kukaza chini, ndo hayo. Mambo ya mwezi gani siwezi kuwaambia, kwenye nchi zenye baridi kali watu wanachukua nusu komaa mwisho wa kiangazi chao, kwingine ambako hakuna baridi ni baada ya mimea kuchipua vizuri, lakini tawi lenyewe linakwambia kuliko kalenda. Kunja, liangalie kama linarudi.

Kata asubuhi, mapema, mmea ukiwa umejaa maji. Kama jua limewaka na majani yamelegea, mwagilia, rudi kesho. Na ukikata usitembee nalo mkononi unapiga stori na jirani, tia mara moja kwenye mfuko wa nailoni ambao umenyunyiza maji ndani. Vabena ya limau hasa, ile haisamehe, kwa dakika chache tu kwenye jua imeshalala. Mkasi uwe mkali, na umepanguswa na spiriti, maana mkasi butu hauukati mti, unausaga, na sehemu iliyosagwa ndo inaoza kwanza.

Haya, nimelileta mezani. Nakata tena chini ya fundo, fundo ni pale majani yanapotokea, karibu kabisa chini yake, kwa sababu mizizi ina tabia ya kutokea maeneo hayo. Kata mshazari au kata kwa kunyoosha kukingama shina, watu wanabishana sana, mimi naona faida kubwa ya mshazari ni kwamba unajua upande upi ni wa chini. Na msicheke, maana ukiwa na vipande vya katikati visivyo na ncha unaweza kukipanda kichwa chini, na kichwa chini hakitoi mizizi vizuri, nitawaambia kwa nini nikifika kwenye homoni.

Halafu majani ya chini yatoke, theluthi mbili ya kipande kiwe wazi. Angalieni vidole vyangu hapa. Wengi wanashika juu wanavuta kwenda chini mara moja, inapendeza kwenye video, lakini ona, kila jani limeondoka na mkia mrefu wa gome, shina limebaki limechanika mistari mistari. Mchubuko mdogo hauna shida, tena kwa shina gumu tunauchubua wenyewe kwa makusudi, ila ngozi iliyoning'inia ni chakula cha ukungu. Chuma jani moja moja kwa kulivuta kuelekea juu, au tumia mkasi mdogo. Thaimu majani yake madogo mno, sugua taratibu na kucha, ukibakiza kidogo sio mbaya sana. Ila hakikisha hakuna jani hata moja linalozama kwenye udongo. Seji ina majani makubwa, kwa hiyo bakiza mawili matatu, na yakiwa mapana sana unaweza kuyakata nusu kwa mkasi, ina maana umepunguza uwanja wa kutoa mvuke.

Udongo sasa. Neno udongo lenyewe linapoteza watu maana shambani tunatafuta udongo wenye rutuba, na kipandikizi hakitaki rutuba. Hakina mizizi ya kuila, mbolea inaishia kulisha ukungu na chumvi zake zinachoma kidonda. Kinachotakiwa ni kitu kinachoshika unyevu kidogo na hewa nyingi. Nusu kokopiti, yaani ule unga wa makumbi ya nazi, nusu perlaiti, vile vichembe vyeupe vyepesi vya mawe ya volkano, imekwisha. Huna perlaiti tumia mchanga wa chembe kubwa ulioshwa, sio ule mwembamba kama unga, na sio wa baharini kwa sababu ya chumvi. Hewa ni muhimu kwa sababu mzizi unaoundwa unahitaji oksijeni, na kwenye tope oksijeni hamna, wanaoishi vizuri kule ni wale wanaoozesha.

Hapa niseme kitu ambacho kitawakera baadhi. Zile kokoto tunazoweka chini ya chungu eti zisaidie maji kutoka, hazisaidii. Maji yakifika kwenye mpaka kati ya udongo wa chembe ndogo na kokoto zenye nafasi kubwa hayavuki kirahisi, yanasimama pale pale juu ya kokoto mpaka udongo ulowe kabisa ndo yaanze kudondoka. Kwa hiyo lile eneo lililolowa, ambalo kwa kawaida lingekuwa chini kabisa ya chungu, wewe umelipandisha juu likakutana na kidonda cha tawi lako. Jaza chungu udongo ule ule kutoka juu mpaka chini, matundu ya chini yawe wazi, basi. Na chungu kiwe na kina cha kuridhisha, maana sahani fupi maji yanakaa karibu na juu vile vile.

Loanisha mchanganyiko kabla ya kupanda. Kipimo changu ni hiki, chukua ukiminye kwenye ngumi, likitoka tone moja au mawili ni sawa, yakitiririka maji umezidisha, uache kwanza uchuje.

Dawa ya mizizi. Kuna watu wanaiona kama uchawi na kuna watu wanaiogopa kama sumu, na wote wametia chumvi. Mmea wenyewe unatengeneza homoni inayoitwa oksini, inatengenezwa zaidi kwenye ncha na majani machanga halafu inasafiri kushuka chini. Frits Went, Mholanzi, ndo alionyesha hilo miaka ya 1920 kwa kutumia ncha za miche ya oti. Ukikata tawi, oksini inashuka inafika kwenye kidonda haina pa kwenda, inarundikana, na mrundikano huo ni sehemu ya ishara ya kuanzisha mizizi. Ndo maana kichwa chini haifai, homoni inasafiri kuelekea mwisho ule ambao wewe umeuacha hewani. Na ndo maana pia hatunyoi majani yote, tawi lisilo na jani halina kiwanda. Mwaka 1935 huko Marekani, watafiti Zimmerman na Wilcoxon wakaonyesha kwamba kuna dutu ya jamii ya oksini inayoitwa IBA inayochochea mizizi vizuri, na hadi leo ukinunua unga wa mizizi ukasoma lebo mara nyingi utaikuta IBA. Shina laini linataka kama asilimia 0.1, nusu komaa 0.3, gumu kabisa 0.8. Msifikirie ikizidi ndo vizuri, ikizidi inaunguza, shina linageuka jeusi na wewe unadhani ni maji.

Mwaga unga kidogo pembeni, usichovye tawi kwenye kopo lenyewe maana unyevu na vimelea vinaingia kopo zima linaharibika. Chovya sentimita 1 hivi, gonga gonga unga uliozidi udondoke. Halafu toboa tundu kwanza kwa kijiti ndo uingize tawi, kwa sababu ukilisukuma moja kwa moja unga wote unabaki juu ya udongo. Na kwa kuwa hivi ni vitu vya kula, majani ya kipandikizi kilichopakwa dawa msiyachume, subirini mmea ukue utoe majani yake mapya, na lebo isomwe.

Je ni lazima? Kwa thaimu, oregano na seji hapana kabisa. Rozimari inaota bila dawa, ila kwa dawa zinakuwa nyingi zaidi na zinalingana. Laureli, hapo nakushauri tumia. Mama pale mbele ananiuliza asali. Asali mama inaua vimelea kwa sababu ya sukari yake nyingi, sio homoni ya mizizi, kwa hiyo kwenye mkasi mchafu inaweza kukuokoa kidogo, kwenye kuita mizizi haina kazi hiyo. Nani mwingine, mdalasini, huo ni habari ile ile, unazuia ukungu tu.

Baada ya kupanda funika. Mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, au chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, usiguse majani, weka vijiti viwili vitatu uunyanyue. Ndani unyevu unapanda, majani yanapoteza maji kidogo. Ila hapa mimea haifanani. Wataalamu wa majina ya mimea tangu 2017 wameiingiza rozimari kwenye ukoo mmoja na seji, sasa hivi inaitwa Salvia rosmarinus, lakini undugu wao hauwafanyi wapende mfuko sawa. Seji na lavenda majani yake yana manyoya, yanashika matone, yanaoza haraka ndani ya mfuko uliofungwa. Kwa hizo acha mfuko wazi upande mmoja, au usifunike kabisa, nyunyizia tu maji kwa spreya mara kwa mara kama hewa yako sio kavu sana. Rozimari funika lakini fungua kila siku dakika chache ipate hewa. Vabena na laureli funika vizuri.

Mwanga uwepo mwingi, jua la moja kwa moja lisiwepo. Mfuko juani ni jiko. Na kivulini kabisa jani halitengenezi chakula, tawi linakaa kwa akiba mpaka inaisha. Joto la udongo nyuzi 20 hadi 24 ndo zuri, na ukiweza udongo uwe na joto kuliko hewa ya juu inakuwa bora zaidi, kwa sababu chini panafanya kazi na juu pametulia. Wengine wanaweka juu ya friji, upande ule wenye vuguvugu, sio ujinga ule.

Halafu kusubiri, na kusubiri ndo kunaua vipandikizi vingi kuliko magonjwa, maana mtu anavuta kila asubuhi aone. Ule uzi wa kwanza wa mzizi ni laini ajabu, ukivuta umeukata, umerudi mwanzo. Na msidanganywe na majani mapya. Tawi linaweza kutoa majani mawili mapya kwa akiba iliyomo tu, chini hamna kitu, mwenyewe anapiga picha anatuma kwa watu, wiki ijayo limelala. Pia ukikuta chini kuna uvimbe mweupe mgumu, huo sio mzizi, ni kovu la kidonda. Linaweza kuwa na kovu likakaa hivyo miezi. Dalili ya kweli ni mzizi unaochungulia kwenye matundu ya chini ya chungu, au baada ya muda wake kutimia ukivuta kidogo sana tawi linakushikilia.

Kaka ameuliza maji kwenye glasi, kwamba mbona yeye rozimari yake ilitoa mizizi kwenye maji. Nakubali, inatoa. Glasi ya rangi nyeusi nyeusi, majani nje ya maji, maji yabadilishwe kila siku mbili tatu maana oksijeni inaisha. Shida ni kuhama, mizizi iliyozaliwa kwenye maji inavunjika haraka na haijazoea kutafuta hewa na unyevu kwenye udongo. Ihamishe ikiwa bado mifupi, sentimita 2 au 3, usisubiri ijaze glasi, na ukishahamisha weka udongo wenye unyevu zaidi kwa wiki ya kwanza halafu punguza. Mimi bado napendelea udongo.

Kwa ambaye hataki habari ya mifuko na kopo, kuna njia ya kulaza tawi, na kwa thaimu sijui kwa nini watu wanahangaika na nyingine. Tawi linabaki limeunganishwa na mama yake, mama analinywesha, kwa hiyo kiu haipo, nusu ya vita imekwisha. Chukua tawi la chini, lilaze, pale linapogusa ardhi kwaruza gome kidogo upande wa chini, fukia sentimita chache, bana kwa jiwe au waya uliokunjwa, ncha iachwe nje imesimama. Thaimu tena ukiinua matawi yake ya pembeni mara nyingi utakuta tayari imeshajitia mizizi yenyewe bila kukuuliza, unakata tu unahamisha. Na kichaka cha thaimu au seji kilichozeeka katikati kikawa kipara, kirundikie mchanganyiko wa udongo na mchanga katikati mpaka zibaki ncha tu juu, mwagilia, baada ya miezi michache chimbua, kila tawi limepata mizizi yake.

Laureli. Kwanza hakikisha ni laureli. Kuna mti wa uzio ambao Waingereza nao wanauita laureli, Prunus laurocerasus, majani yake yanafanana kiasi na yana sumu, ukiyaponda yanatoa sianidi na harufu kama ya lozi chungu. Na oleanda nayo ina sumu kali. Laureli ya kula ukiponda jani inanukia kiungo, sio lozi. Kama hujui mti umetoka wapi usichukue tawi, wala usitegemee picha ya simu.

Ukishakuwa na uhakika, chukua tawi la pembeni lililokaza chini, usilikate bali lichomoe kwa kulivuta kuelekea chini litoke na kisigino kidogo cha mti wa zamani, punguza kile kisigino kwa kisu. Chubua ukanda mwembamba wa gome upande mmoja, sentimita 2, uone ile ngozi ya kijani, hapo ndo mizizi inapoanzia. Dawa ya 0.3 au 0.8, funika, joto chini, halafu sahau. Miezi 3 ni haraka, zaidi ya hapo ni kawaida, na usiitupe kwa sababu imekaa kimya, madamu jani ni kijani na shina halijawa jeusi iko hai. Panda nyingi kuliko unazohitaji, maana sio zote zitafika. Na chunguza chini ya mti mama, laureli inatoa vichipukizi kutoka kwenye mizizi, kimoja chenye mzizi wake ukikichimba umeokoa nusu mwaka.

Mizizi ikishashika msifungue mfuko siku moja ukatupa. Majani yale yamelelewa kwenye unyevu, hayajui hewa kavu. Tobo moja leo, keshokutwa lingine, wiki moja au mbili mpaka mfuko unatoka. Hamishia kwenye chungu cha sentimita 8 au 9, kila mmoja na chake, sio chungu kikubwa kwa kudhani unamfanyia wema, maana udongo mwingi usio na mizizi unabaki na maji na tumerudi kule kule kwenye kuoza. Mchanganyiko bado uwe wa kupitisha maji ila sasa unaweza kuwa na mboji kidogo. Ikishasimama vizuri, kata ncha ya juu kabisa, sentimita moja mbili tu, ile oksini niliyosema ikipungua juu vichipukizi vya pembeni vinaamka na unapata kichaka badala ya mnara. Ncha hiyo ya kwanza kama ulitumia dawa usiipeleke jikoni.

Mzee ameuliza lini aanze kuchuma. Mmea ukiwa umeongezeka mara mbili tatu ya ulivyoupanda na unasukuma majani mapya wenyewe, na hata hapo usizidishe theluthi yake kwa mara moja, chukua ncha, acha ya chini. Rozimari ya namna hiyo ukiitunza vizuri, msimu unaofuata itakuwa na matawi ya nusu komaa ya kwake yenyewe. Mwenye mkasi aje hapa mezani, kuna vitawi vya thaimu na rozimari, kila mtu akate chake nione vidole.